Boxer Ina Walimu Wengi

Kila muhula mjadala huu lazima urudi, kama maji yanavyokatika hosteli. Mtu anatupia kwenye grupu la darasa picha ya kijana fulani aliyeunda pikipiki yake mwenyewe, na maoni yanaanza kumiminika. "Kipaji kinaozea mtaani." "Serikali iko wapi?" "Tatizo letu Watanzania hatupendi vya kwetu." Baada ya siku mbili picha imesahaulika, kijana amebaki na pikipiki yake moja, na sisi tumerudi kusubiri boom.

Mimi huwa nasoma tu, sichangii. La kusema ninalo, ila ni refu, na grupu letu likiona ujumbe umezidi mistari mitano linauliza kama ni tangazo la msiba. Nimeona niliandike hapa.

Natoka Isongole, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe. Kwa asiyekujua: ukiwa kwenye basi la Mbeya kwenda Tunduma, unashuka Mpemba kabla hujaufikia mpaka wa Zambia, unakata kushoto, unafuata lami kama kilomita 50 mpaka unakutana na mpaka mwingine, huu sasa wa Malawi. Ng'ambo kuna Chitipa. Walambya wapo huku na wapo kule, tunaoana na kuzikana, na siku ya soko huwezi kujua nani ametoka upande gani mpaka atoe hela. Tofauti ndogo ni kwamba bodaboda sisi wao wanaiita kabaza. Pikipiki yenyewe ni ileile.

Hiyo "ileile" ndiyo inayonishughulisha. Kaa kijiweni kwetu asubuhi moja, hesabu zinazopita. Boxer, TVS, TVS, Boxer, halafu ya Kichina moja yenye tandiko lililochanika, halafu Boxer tena. Hao wawili, Bajaj na TVS, ni makampuni ya India yanayotoa pikipiki kwa mamilioni kila mwaka, na yameshika barabara zetu mpaka yameingia kwenye lugha. Bibi yangu akiwa Tunduma akisema "niitieni bajaji", anafanyia kampuni ya Pune matangazo ya bure. Hata bodaboda lenyewe ni neno la watu wa mpakani kama sisi, lilianzia Busia, kati ya Kenya na Uganda, enzi za kuvushana kwa baiskeli. Neno tumeligeuza likawa letu, chombo tumeletewa.

Sasa, mwaka jana nikiwa likizo, alikuja kwetu mtu wa kwenye zile picha. Wa kweli, mwenye mikono yenye makovu ya kuchomelea.

Ni fundi wa Tunduma. Simtaji jina kwa sababu hakuniomba nimtangaze. Kazi yake ya kila siku ni mageti, madirisha na matrela ya kukokotwa, lakini kwa miaka kadhaa amekuwa akiunda pikipiki. Chasesi ni yake mwenyewe, amekunja mabomba, amechomelea, amepiga rangi. Injini ni ya Kichina ya saizi ya 150, ameinunua dukani. Ringi, taa, tanki na shokapu za mbele kanunua. Shokapu za nyuma ameziongeza ziwe nne, na keria ya nyuma ameifanya ndefu na pana, ina vyuma vya pembeni vya kufungia kamba. Ukiiona unajua huyu mtu amewahi kubeba magunia. Pikipiki za kiwandani, hata zile nzuri, zimebuniwa kana kwamba abiria ni mmoja na mkononi ana mkoba. Kwetu abiria ni mama, mtoto mgongoni, debe la mahindi na jogoo.

Alikuja nayo kutoka Tunduma akiiendesha mwenyewe. Akasimama kijiweni, akaomba gunia mbili za mahindi, akazifunga, akapanda nazo ule mlima wa kuelekea Itumba, akarudi. Injini haikukohoa. Vijana walipiga makofi, wengine wakapiga picha, na nina hakika zile picha zilikwenda kwenye magrupu na zikaandikiwa "Serikali iko wapi?"

Hakuna aliyenunua.

Nilikuwapo kwa sababu kaka yangu alikuwa mmoja wa waliotakiwa kununua. Yeye na wenzake wanne wana kikundi, na walikuwa wanaandaa andiko la kuomba ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024, na iliporudi vijana waliikimbilia. Mimi niliitwa kwa sababu nasoma Elimu, Fizikia na Hisabati, na nyumbani hilo linatosha kukufanya mhasibu, mwandishi wa barua na mtaalamu wa injini kwa pamoja. Wananiita ticha. Bado sijahitimu ila siwakatazi.

Andiko lilitaka waseme watanunua pikipiki gani, kwa bei gani, na watarejeshaje. Hapo ndipo fundi wa Tunduma alipoingia na bei yake, chini ya TVS kwa karibu laki tatu. Kaka alimpenda yule jamaa. Nami nilimpenda. Tukakaa jioni moja na daftari, tukaifanya hesabu.

Lazima mjue kwanza kaka alikuwa anaendeshaje maisha. Pikipiki aliyokuwa nayo ilikuwa ya mkataba. Tajiri ananunua chombo, dereva anapeleka elfu 70 kila wiki kwa miezi 15, ikiisha pikipiki inakuwa ya dereva. Piga mwenyewe: wiki 65 mara 70,000 ni 4,550,000, kwa chombo ambacho dukani hakifiki milioni tatu na nusu. Ni ghali, lakini tajiri haulizi dhamana. Anachouliza ni elfu 70 siku ya Jumapili. Pikipiki ikilala wiki nzima gereji, elfu 70 haijalala. Kwa hiyo kaka anaposhika pikipiki mpya, jambo la kwanza analofikiria siyo mwendo wala ulaji wa mafuta. Anafikiria: hii itanilaza ndani siku ngapi kwa mwaka?

Na swali hilo halijibiwi na injini, hata iwe imara namna gani. Linajibiwa na fundi wa chini ya mwembe na duka la spea.

Fundi wetu wa kijiweni hajapita VETA. Alijifunzia Vwawa, akiwa anashika spana za mtu mwingine kwa miaka miwili kabla hajaruhusiwa kufungua hata plagi. Leo Boxer ikiwa bado inashuka mlima, haijaonekana, anakuambia vali imelegea. Anajua sahani za klachi za TVS zinakwisha baada ya muda gani kwa mtu anayebeba viazi vya Ibaba na kwa anayebeba abiria tu wa lami. Anajua spea ya duka lipi ni orijino na ya duka lipi inafanana tu na orijino. Wenzangu wa Elimu mnamkumbuka Vygotsky wa mwaka wa kwanza, yule wa kusema mtu hujifunza akishikwa mkono na aliyemtangulia? Yuko Isongole, ana ovaroli yenye oili na anadai chai kabla ya kazi.

Mahesabu yetu yalipofika kwake, alisema kitu ambacho tangu siku hiyo nimekuwa nikikitafuna. Alisema: "Ticha, mimi Boxer nimeshaharibu nyingi. Ndiyo maana sasa siharibu."

Fikirini hapo. Makosa ya mafundi kwenye Boxer yalishalipiwa. Yamelipiwa na watu wengine, miaka iliyopita, Mbozi na Momba na Tunduma na kila mahali, pikipiki moja moja: bolti iliyokatwa kwa kukazwa sana, pistoni iliyowekwa kinyume, waya uliounganishwa pasipo pake mpaka ukaungua. Ukinunua Boxer leo unanunua na hiyo ada iliyolipwa na wengine, na hulipi hata shilingi. Ukinunua pikipiki ya mtengenezaji mdogo, wewe ndiye unayempeleka fundi shule. Ada inatoka mfukoni mwako, na vitendo vinafanyika kwenye chombo chako.

Laki tatu za punguzo, basi, zilikuwa ada ya miezi michache.

Najua wenzetu wa uhandisi watasema: lakini injini ya jamaa ni ya Kichina ya kawaida, fundi anaijua. Ni kweli, na hapo ndipo yule fundi wa Tunduma alipokuwa na akili kuliko wengi wa wale tunaowashangilia kwenye picha. Alielewa kwamba asibuni kila kitu.

Mwaka 1976 Honda walitoa pikipiki inaitwa CG125. Kabla ya kuibuni walikwenda kuangalia watu wa nchi maskini wanavyotumia pikipiki, wakakuta wanatumia kama sisi: oili haibadilishwi mpaka iwe lami, mzigo umezidi, matunzo ni sala. Wangeweza kutulaumu. Badala yake wakatengeneza injini ya kuvumilia. Vali zake hazizungushwi na cheni ya ndani inayopanda mpaka juu kichwani, zinasukumwa na fimbo mbili za chuma, basi. Vitu vya kulegea vichache, na kichwa kinafunguka bila mtu kuvuruga mpangilio wote. Viwanda vya China vikaja kuinakili injini hiyo na kuifunga kwenye pikipiki zenye majina kibao, na nyingi zikaishia kwetu. Ndiyo maana chapa ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia ziliuzika hapa bila matangazo ya maana. Jina lilikuwa geni, matumbo yalikuwa yanajulikana. Ukikosa pistoni ya hii unachukua ya ile.

Kwa hiyo injini ya jamaa haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kila kilichobaki, yaani hasa kile alichokibuni kwa jasho lake. Ekseli yake ya nyuma ni ndefu kuliko ya kiwandani, kwa sababu ya ule upana. Waya wa breki ni mrefu. Buti za mkono wa nyuma kachonga mwenyewe kwenye mashine ya rafiki yake. "Ikikatika ekseli nikiwa Luswisi na mgonjwa?" aliuliza mmoja wa kikundi. Jamaa akajibu kwa unyoofu: "Unanipigia, natengeneza nyingine, naituma na gari." Ni jibu zuri la mtu mzuri. Lakini wote pale walishahesabu: kuchonga siku moja, gari mpaka Mpemba, kutoka Mpemba kuja kwetu, kutoka kwetu kwenda Luswisi. Na mgonjwa bado amekaa kando ya barabara.

Msidhani mgonjwa ni mfano niliouchomekea ili mnionee huruma. Kule kwetu pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali ya wilaya Itumba usiku kutoka milimani. Dereva anajua akikwama hatalaumiwa mtengenezaji. Ataulizwa yeye, na wifi zake na mashemeji wa yule mama, tena kwa miaka.

Kulikuwa na swali la pili, fupi, lililomaliza mjadala. Kadi iko wapi?

Pikipiki ya dukani inakuja na makaratasi, inasajiliwa TRA, inapata namba na kadi. Kadi ndiyo kila kitu. Ndiyo inayokatiwa bima, ndiyo inayotakiwa kwenye leseni ya kubeba abiria, ndiyo inayowekwa rehani mtoto akifaulu kwenda kidato cha tano na hela haipo. Pikipiki iliyozaliwa kwenye banda la kuchomelea haina pa kuanzia. Nani aliipa namba ya chasesi? Nani aliipima breki? Jamaa alikuwa anafuatilia, ana faili zima, lakini utaratibu ulioandaliwa kwa ajili ya anayeleta pikipiki mia tano kwenye kontena unamchosha anayeleta moja. Na halmashauri haiwezi kukopesha hela ya umma kwenye chombo kisicho na kadi, hata ofisa awe na moyo wa kizalendo kiasi gani.

Chasesi nzima alifunga kazi kwa wiki tatu, makaratasi yana zaidi ya mwaka. Hapo kwenye makaratasi mimi nipo upande wa wale wa "Serikali iko wapi", ila swali langu ni dogo zaidi: dirisha la mtu wa pikipiki moja liko wapi?

Na ikipata kadi, bado kuna kuuza tena. Hili watu wa mshahara hulisahau. Boxer ya miaka mitatu ukiipeleka Tunduma asubuhi, mchana una hela mkononi. Ni benki yenye matairi. Kaka aliwahi kuuza pikipiki ili baba afanyiwe upasuaji, na mnunuzi hata hakuiwasha mara mbili, alisikiliza tu, akatazama kadi, akahesabu noti. Pikipiki ambayo ni moja tu duniani utamuuzia nani kwa haraka namna hiyo? Inaweza kuwa bora kuliko zote kijiweni na bado ukapewa bei ya chuma chakavu.

Nikiwaeleza haya baadhi ya marafiki zangu wa hapa chuoni wananiambia, aa, watu wa vijijini wanaogopa vitu vipya. Hii inanikera, samahani. Watu wa Isongole walipokea hela za kwenye simu kabla ya matawi ya benki kuwafikia. Walifunga sola juu ya mabati wakati wengine wanabishana kama zinafanya kazi. Waliacha baiskeli wakashika pikipiki ndani ya muda mfupi tu. Kipya hawakiogopi. Wanachoogopa ni kuwa wa kwanza kulipa wakati hakuna wa pili nyuma yao, na ukiwa na elfu 70 ya Jumapili na wewe ungeogopa.

Wala si Isongole peke yake. Kenya walikuwa na gari la Mobius, mradi ulioanzishwa na Mwingereza Joel Jackson, gari gumu lisilo na madoido, la barabara mbovu za Afrika. Wazo lilipendwa. Mnunuzi wa kawaida akaangalia bei, akaangalia Toyota ya mtumba kutoka Japani ambayo kila fundi wa kila mji anaijua, akaenda zake kwenye Toyota. Agosti 2024 kampuni ikatangaza inafunga kwa sababu ya madeni, ndipo mnunuzi akajitokeza kuichukua. Ukitafuta kosa kwenye gari lenyewe sidhani kama utalipata lililo kubwa hivyo.

Na kuna wanaojaribu kwa njia nyingine. Jioni ileile ya daftari, kijana mmoja alifungua simu akatuonyesha pikipiki za umeme za Nairobi, za Roam. Walianza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, wenye wazo wakiwa vijana wa Sweden, na mwaka 2023 wakafungua kiwanda kikubwa hapo Nairobi. Kigali kuna Ampersand, wao wana vituo: betri ikiisha unaingia, unavua, unavaa iliyojaa, dakika chache umeondoka. Vijana wakashangilia, maana hakuna petroli. Miaka hii upande wa Malawi mafuta yamekuwa yakiadimika mara kwa mara, na yakiadimika kwao hata kwetu foleni hubadilika sura. Pikipiki isiyonywa petroli ilisikika kama pepo.

Kaka akauliza inakwenda kilomita ngapi. Kama 80 kwa betri moja, kwenye hali nzuri. Kimya. Kwetu mpaka Mpemba ni 50, na kurudi 50. Utajikuta umeisukuma jioni kwenye mlima, na betri mgongoni mwake.

Ila nilichokiona kwa hao wa Nairobi na Kigali, na ambacho naona wenzetu wa picha hawakioni, ni kwamba hawauzi pikipiki tu. Wamejenga vituo, wamefundisha mafundi wao, wamepatana na wakopeshaji ili dereva alipe kidogo kidogo. Wamekaa mji mmoja, wakajaza mji huo, ili dereva wa pili na wa mia wawe karibu na wa kwanza. Kwa mtaji wa mamilioni ya dola, sawa. Lakini mantiki yake haihitaji dola. Mtu mwenye pikipiki kumi akiziuza kumi zote kijiwe kimoja, kwa fundi mmoja aliyefundishwa na sanduku moja la ekseli na buti, ana nafasi kuliko aliyeuza kumi kwenye mikoa kumi na kushangiliwa nchi nzima.

Nilimwambia hivyo yule fundi. Alikuwa amekaa kwenye benchi anakunywa soda tuliyomnunulia, kwa aibu kidogo, maana ndicho tu tulichonunua. Hakukasirika. Aliniambia jambo ambalo halikuwa kwenye hesabu zetu: kwamba kwenye bei ile faida yake haifiki laki mbili. Mabomba ananunua rejareja. Injini ananunua moja, kwa bei ya mtu wa moja. Tairi vivyo hivyo. Kiwanda cha India kinanunua chuma kwa meli, yeye ananunua kwa futi. Kwa hiyo hata zile laki tatu alizotupunguzia alikuwa anazitoa kwenye usingizi wake. Geti moja la nyumba ya mfanyabiashara wa Tunduma linamlipa kuliko pikipiki tatu. Nikamuuliza kwa nini basi anaendelea. Akacheka. Akasema geti halitembei.

Kikundi cha kaka kiliandika TVS kwenye andiko. Mimi ndiye niliyeandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Sidhani walikuwa na uamuzi mwingine, maana kwenye kikundi mmoja akishindwa kurejesha wanalipa wote watano. Mkopo ulipotoka walinunua, na mpaka naandika haya hakuna aliyekosa rejesho.

Lakini kabla yule fundi hajaondoka siku ile, kuna dereva mmoja mzee, mbebaji wa viazi, alikuwa ameizunguka ile pikipiki kimyakimya kwa karibu saa nzima. Akaishika keria. Akaitikisa. Akauliza: hiki peke yake, bila pikipiki, shilingi ngapi? Fundi alionekana kama mtu aliyeombwa auze mguu wa mtoto wake. Akafikiri. Akataja bei. Wakapatana.

Sasa hivi keria zile zimejaa kijiweni kwetu. Kaka anayo, wenzake wote wanayo, na Krismasi niliona mbili kwenye kabaza zilizotoka Chitipa. Kama keria ikipasuka haikulazi ndani, unaifunga kamba unaendelea. Haihitaji kadi. Fundi yeyote anaifunga kwa bolti nne. Inaingia kwenye Boxer na inaingia kwenye TVS, na jamaa amepiga herufi zake mbili pembeni kwa patasi, ndogo, lakini vijana wameshaanza kuziita kwa herufi hizo badala ya kusema keria.

Pikipiki yenyewe bado anaiendesha, bado anafuatilia kadi. Nilikutana naye Mpemba Januari nikisubiri basi la kurudi chuo. Amebadilisha ekseli, sasa anatumia ya saizi ya Boxer, upana kaupata kwa kuinua keria badala ya kutanua chasesi. Buti pia ni za dukani. Ameshawapa mafundi wawili, mmoja wa Tunduma na yule wa kwetu, waifungue yote na kuifunga tena mbele yake, na fundi wetu alivunja bolti moja na akalipa yeye jamaa mwenyewe. Kisha akaniomba kitu.

"Ticha," alisema, "niandikie kitabu cha mafundi. Kurasa kumi tu. Kiswahili, na picha."

Nimeandika tatu. Ya vali, ya klachi, na ya waya wa breki ya nyuma, ambayo nimeifuta mara mbili kwa sababu fundi wetu alisema kwa simu kwamba haieleweki, naye ndiye msomaji. Kuchora sijui. Injini yangu inafanana na sufuria lenye mbavu. Kama kuna mtu wa uhandisi au sanaa hapa chuoni anayeweza kuchora chombo mpaka mtu asiyewahi kukaa darasani akajua bolti ipi inatangulia, aache ujumbe kwa wahariri wa jarida hili. Hela hakuna. Ukija kwetu utabebwa bure kutoka Mpemba, kwenye keria.